Singo, Ndimu na Uso wa Binti Yetu



Hapa Wawi, kisiwani Pemba, pana kiwanda cha mafuta ya makonyo, yaani vile vikonyo vya karafuu vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Kiwanda kikiwa kazini, harufu yake hutufikia hata tukiwa uani tunaanika nguo. Mtoto wa hapa huijua harufu ya karafuu kabla hajajua kusoma. Tunaanza na habari hiyo kwa sababu karafuu, ndimu na sukari ndizo zilizotuletea masaibu tunayotaka kuwasimulia. Jambo lenyewe laonekana dogo: ni habari ya kusugua uso. Lakini wiki chache baada ya kuusugua, binti yetu wa miaka 17 alikuwa hataki kututazama machoni, nasi tuliosomea uuguzi hatukuwa na la kumwambia.

Kazi yetu ni uuguzi, na tumeifanya kwa zaidi ya miaka 20. Siku za mapumziko twasaidia kanisani, hasa katika kikundi cha akina mama na kwaya ya vijana. Wakristo wa Pemba ni wachache, na majirani zetu karibu wote ni Waislamu. Twaishi nao vizuri, twaalikana harusini na twasaidiana msibani. Mtaona mbele jinsi jirani mmoja alivyotufaa.

Ngozi yetu, ya mama na ya binti, ni ya namna moja. Paji la uso, pua na kidevu hutoa mafuta mengi, hata ifikapo saa sita mchana hung'aa kama chungu kilichopakwa samli. Mashavu nayo ni makavu, na kwa kitu kidogo tu huwasha na kupata vipele. Watu wengi wana ngozi ya namna hii, mchanganyiko wa mafuta na ukavu, na tena yenye wepesi wa kudhurika. Ni ngozi ngumu kuitunza, maana kinachofaa puani huenda kikaunguza shavuni.

Jumamosi ya ndimu

Ilikuwa mwaka 2022, msimu wa karafuu. Mpwa wetu alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na binti yetu alichaguliwa kuwa mpambe wake. Furaha ilikuwa kubwa. Sote wawili tulitaka nyuso zetu zitakate, vile vijipele vya puani viondoke na ngozi iwe laini.

Mwenzetu mmoja wa kazini alikuwa ametuonyesha katika simu yake maelezo mafupi: sukari vijiko viwili, ndimu moja na mafuta ya nazi kidogo. Sisi tukaongeza na karafuu zilizotwangwa, kwa kuwa tulijua karafuu hutiwa katika singo za hapa kwetu. Saa tatu asubuhi tukaketi uani, tukamsugua binti, kisha yeye akatusugua sisi.

Punde akasema, "Mama, inachonyota."

Tukamjibu, "Vumilia mwanangu. Ukitaka uzuri, sharti udhurike."

Tukaendelea kusugua. Maji ya ndimu yakamchirizika shavuni hata shingoni. Tukanawa upesi upesi, tukavaa, tukaenda Chake Chake sokoni kumtafutia viatu. Jua lilikuwa kali, na mwavuli tuliuacha nyumbani.

Jumapili nyuso zilikuwa zimekaza na zina joto. Jumatatu vikatoka vilengelenge vidogo mashavuni na pembeni mwa mdomo. Alhamisi pale palipoungua pakawa peusi, na shingoni mwa binti pakabaki mchirizi mweusi mwembamba, kama mtu aliyechorewa mstari kwa wino. Siku ya harusi alipakwa poda nyingi. Katika kila picha amegeuza uso upande mmoja.

Tulikosea wapi?

Akina mama wenzetu, tuliyajua haya tangu chuoni, lakini siku ile hatukuyakumbuka. Afadhali tuyaeleze ili ninyi msiyasahau.

Ngozi hujifanyia upya yenyewe. Chini kabisa ya tabaka la juu huzaliwa chembe mpya, nazo hupanda polepole hata zifike juu zikiwa zimekufa, kisha hupukutika. Kwa kijana safari hiyo huchukua kama wiki nne. Umri ukiongezeka huwa ndefu zaidi. Zile chembe zilizokufa si taka tupu. Pamoja na mafuta yaliyo kati yake, zimepangwa kama matofali na udongo wake, nazo huzuia maji ya mwilini yasitoke na vijidudu visiingie. Kwa hiyo kusugua ngozi ni kuondoa vile vilivyokwisha kulegea tu. Ukiubomoa ukuta wenyewe, umejiumiza.

Chembe za sukari ni kubwa na zina pembe, usoni hukwaruza. Ndimu ni kali mno: uso wa ngozi una uchachu mdogo tu, na maji ya ndimu huupita mara nyingi sana. Zaidi ya hayo, ndimu ina kemikali ziitwazo furanokumarini, ambazo zikibaki juu ya ngozi na kupigwa na jua, huiunguza. Moto wake hauonekani saa ileile. Huja baada ya siku moja au mbili, na ukiondoka huacha weusi wa wiki nyingi au miezi. Hata mwenye kukamua ndimu nyingi za sharubati juani aweza kupata madoa hayo mikononi.

Na karafuu? Mafuta yake yana kiasi kikubwa cha yujenoli, dawa ambayo waganga wa meno huitumia kutuliza maumivu ya jino. Lakini mafuta hayo yakiwa makali huunguza ufizi, na kwenye ngozi nyepesi ya uso hata unga wake huweza kuwasha. Tuliitwanga karafuu, tukaipaka juu ya ngozi iliyokwisha kukwaruzwa. Tungetaka kuiumiza, tusingefanya zaidi ya hapo.

Tena ngozi yetu sisi watu weusi ina jambo lake. Ikiumia, hujilinda kwa kutoa rangi nyingi zaidi. Kwa hiyo chunusi iliyotumbuliwa, mkwaruzo au muwasho mdogo huacha doa jeusi linalokaa kuliko kidonda chenyewe.

Kikopo chini ya godoro

Wiki tatu zilipita. Madoa ya binti yakaanza kufifia haraka, kuliko yetu. Tukafurahi, tukasema ni damu ya ujana. Siku moja tulipokuwa tunabadilisha mashuka, tukakuta chini ya godoro lake kikopo kidogo kisicho na karatasi wala maandishi. Ndani mna krimu ya rangi ya chungwa. Tulikijua. Ulikuwa mkorogo.

Tutawaambia ukweli wote, maana nusu ya ukweli haimfai mtu. Tulisimama mbele ya kioo, na kikopo mkononi, tukautazama uso wetu wenye madoa. Kidole kikaingia katika krimu. Sisi, tunaowafundisha akina mama wajawazito kila wiki wasiguse vitu hivyo! Kisha tukakifuta kidole kwa kanga, tukaketi kitandani kumngoja.

Alipofika tukaanza hotuba ya kiuguzi, kwa sauti ya juu. Akatusikiliza hata tukapumua. Ndipo akasema taratibu, "Mama, aliyeniharibu uso ni nani? Mimi najaribu kuutengeneza tu."

Hotuba ikakoma hapo. Kwa desturi zetu mzazi hana wepesi wa kumwomba radhi mtoto, lakini siku ile tuliona kwamba bila kuomba radhi hapana neno letu lingeingia sikioni mwake. Alisema inachonyota, tukamjibu kwa methali. Tukamwomba atusamehe. Alilia, nasi tukalia. Tukamwambia pia habari ya kidole chetu na kioo, naye akacheka katikati ya machozi.

Jioni baba yake alipoelezwa, alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Uso wenu wa zamani ulikuwa na ubaya gani?" Hatukuwa na jibu la haraka.

Mkorogo ni kitu gani?

Mara nyingi ndani yake mna kimoja au zaidi ya hivi vitatu: zebaki, haidrokwinoni na dawa za jamii ya steroidi. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo, na mama mjamzito huweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kuleta weusi wa kibuluu usiotoka. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, ioneshe mishipa na itoke chunusi. Tena ukiziacha ghafla baada ya muda mrefu, uso huwaka na kuwasha kuliko mwanzo, nawe ukarudi kuzipaka. Ndiyo sababu wengi hushindwa kuacha. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na ambao Tanzania ni mwanachama wake, unapiga vita vipodozi vyenye zebaki. Huku Zanzibar anayesimamia vipodozi ni Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA. Tanzania Bara, tangu 2019, ni Shirika la Viwango, TBS. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo lisipite mlangoni kwako.

Binti alikuwa ameutumia kwa siku chache tu. Tulimpeleka kwa daktari achunguzwe, naye aliutupa mwenyewe kwa mkono wake.

Maneno ya bibi jirani

Nyumba ya tatu kutoka kwetu yuko bibi mmoja wa Kiislamu aliyewasinga maharusi wengi. Tulikwenda kwake na binti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmeungulia wapi?"

Tulipomsimulia alitikisa kichwa. "Singo ni ya mwili," akasema. "Usoni hupakwa liwa. Na tangu lini mwari akasingwa asubuhi, mchana akaenda sokoni?"

Maneno hayo tumeyafikiri mara nyingi. Bibi alitueleza kwamba singo, yenye mawaridi, asumini, liwa na viungo, hulowekwa kwa marashi hata ilainike. Bi harusi husingwa siku kadhaa mfululizo, kidogo kidogo, ngozi ikiwa imelowa. Tena muda huo wote yumo ndani. Jua halimwoni. Sisi tulichukua dawa, tukaiacha desturi iliyoilinda. Hata yale mabafu ya Hamamni, Mji Mkongwe, yaliyojengwa enzi za Sultani Barghash (1870–1888), yalifuata hekima hiyo: kwanza joto na maji ya kulainisha ngozi, kusugua baadaye.

Na sisi wa kanisani tulipaswa kukumbuka habari za Esta. Biblia inasema wasichana wale walitayarishwa kwa miezi 12, sita kwa mafuta ya manemane na sita kwa manukato. Miezi 12! Sisi tulitaka yote Jumamosi moja, kabla ya saa sita.

Bibi naye alitusikiliza. Tulimwomba asiwasinge kwa karafuu wenye vidonda, upele au pumu ya ngozi, akakubali. Tena akatuuliza kuhusu dodoki lake, ambalo hulitumia kwa watu wengi. Tukamshauri kila bi harusi aje na lake, maana dodoki bichi ni nyumba ya vijidudu. Likaushwe vizuri na libadilishwe mara kwa mara.

Jinsi tulivyoanza upya

Kwanza tuliacha kila kitu kwa wiki sita. Asubuhi na jioni tulinawa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali wala manukato, tukakausha kwa kugusa bila kufuta, tukapaka losheni isiyo na harufu ngozi ikiwa ingali na unyevu. Mchana tulijifunika kwa kanga au mwavuli na kupaka krimu ya kukinga jua. Madoa yakipigwa na jua huzidi kuwa meusi, kwa hiyo kinga ya jua ndiyo dawa ya kwanza ya madoa. Msidhani ni ya Wazungu au ya wenzetu wenye ualbino tu, ingawa kwao wao ni ya kuokoa maisha; kule Moshi hutengenezwa krimu iitwayo Kilisun kwa ajili yao.

Ngozi ilipotulia kabisa, bila kuwasha wala kuchonyota, ndipo tukaanza kusugua tena, kwa utaratibu huu ambao twaufuata mpaka leo:

1. Jaribu kwanza. Paka kidogo ndani ya kiwiko, ungoje siku mbili. Pakiwasha au pakivimba, hakikufai, hata kama kimemfaa jirani.

2. Chagua kitu kimoja tu. Sisi hutumia kitambaa laini cha pamba kilicholoweshwa, pamoja na unga wa mchele uliochekechwa mara mbili au liwa iliyosagwa laini. Wengine hupaka mtindi usiotiwa sukari kwa dakika chache. Una asidi ya laktiki inayolegeza chembe zilizokufa bila kukwaruza. Dukani zipo dawa zenye asidi hiyo, au asidi ya salisiliki inayofaa penye mafuta na chunusi. Anza na iliyo hafifu kabisa, na kama una mimba muulize kwanza mhudumu wa afya. Usichanganye mbili.

3. Fanya jioni, mara moja kwa wiki. Ngozi nyepesi kama yetu haihitaji zaidi. Baada ya miezi miwili, ikiwa imekubali, waweza kuongeza, sisi hatukuongeza.

4. Anzia penye mafuta. Paji la uso, pua na kidevu kwa muda wa dakika moja, kwa ncha za vidole, bila kukandamiza. Mashavu yasuguliwe wiki moja, yaachwe wiki ya pili. Yakiwa yamebabuka, yasiguswe.

5. Suuza kwa maji mengi, paka losheni, ulale. Mafuta ya nazi ni mazuri miguuni na mikononi, lakini kwenye paji lenye mafuta huweza kuziba vinyweleo na kuleta chunusi. Kesho yake usisahau kinga ya jua.

6. Ikichonyota, acha. Kuchonyota ni ngozi inayosema. Osha, pumzika wiki mbili, kisha fikiri upya. Chunusi zenye usaha, vidonda, upele, pumu ya ngozi na ngozi iliyoungua na jua visisuguliwe kamwe. Doa linalokua, linalotoa damu au lisilopona, muoneshe daktari.

Ndimu tumeirudisha jikoni kwenye samaki, na ile methali ya kudhurika tumeiacha kabisa nyumbani kwetu.

Mwisho

Madoa ya mashavuni yalichukua miezi mitano kuondoka. Mchirizi wa shingoni ulikawia zaidi ya mwaka, na binti aliuita "mto wa ndimu". Vijipele vya puani vimepungua, havikuisha. Mafuta ya paji la uso yapo palepale, ndivyo tulivyoumbwa. Lakini ngozi ni laini, na haiwashi.

Jumamosi jioni, kazi za siku zikiisha, twaketi uani na bakuli la maji. Binti ndiye anayeshika saa. Siku moja hivi karibuni tulikuwa tunampaka liwa, akasema, "Mama, hapo basi." Dakika ilikuwa haijatimia. Tukaondoa mkono palepale. Hakusema neno lingine, ila alitutazama na kutabasamu, nasi tukajua kwamba tumesamehewa kweli.

Bibi jirani ameshaahidi kwamba siku yake ya kuolewa ikifika, atamsinga yeye mwenyewe, ndani, taratibu, bila karafuu. Tumemwambia ngoja kwanza amalize masomo.

Akina mama wenzetu, mabinti zetu hujifunza kutazama nyuso zao kwa kututazama sisi mbele ya kioo. Tukiichukia ngozi yetu, nao wataichukia yao, na muuza mkorogo hatakuwa na kazi kubwa. Tuitunze bila kuipiga vita. Na mtoto akisema inachonyota, tumsikilize. Mungu awabariki katika nyumba zenu.